"Hinder": namna ya kuitumia bila kuichanganya na empêcher

Tuanze na aibu yangu mwenyewe. Kuko wakati nilikuwa naandika rapori kwa shirika moja hapa Goma, sitaitaja jina, na siku moja tulipashwa kwenda kugawa maharagi na mafuta kwa bakimbizi ku njia ya Masisi. Mvua ikanyesha usiku muzima, kamio yetu ikazama mu matope, batu bakasukuma, bakachoka, tukalala pale pale, kesho yake tukarudi Goma na mizigo yote, hakuna hata kilo moja ya maharagi yenye ilishuka. Nikafika ku biro nguo ingali na matope, nikafungua ordinatere, na mu kichwa nilikuwa na sentensi ya Kifaransa, la pluie nous a empêchés, njo nikaandika: "Heavy rain hindered the distribution." Nikatuma, nikaenda kulala roho safi.

Asubui mail ikarudi, toka kwa mukubwa mwenye alikuwa mbali kule Ulaya: poleni na mvua, sasa mututumie listi ya familia zenye zilipokea na sinyatire yao. Listi gani tena? Nikasoma sentensi yangu mara tatu, sikuona kosa. Kumbe kwa akili yake yeye, mvua ilitusumbua, ilitukawisha, lakini kugawa kulifanyika! Nilipoteza siku mbili nikieleza kama maharagi ingali mu depo na hakuna mutu aliiuza ku soko. Juu ya verbe moja tu.

Tangu pale, kila mwaka nikifundisha Kingereza saa za mangaribi, ile neno minaifundisha mapema, hata mbele ya ile mambo ya present perfect, juu benye banakuja kusoma kwangu wengi banatafuta kazi ku ma-ONG, na mu rapori za humanitere "hinder" imejaa kama chumvi mu sombe.

Bon. "Hinder" maana yake ni kufanya kitu kiende pole pole ao kiende kwa shida. Kazi inaendelea, lakini inachechemea. "Prevent" njo ile yenye kazi haifanyike kabisa. Shida yetu sisi ni kama Kiswahili iko na "kuzuiya" yenye inabeba vyote viwili, unaweza kuzuiya mutu kidogo, unaweza kumuzuiya kabisa, batu banaelewa kwa kuangalia mambo yenyewe. Kisha Kifaransa cha masomo kikatupa "empêcher", na "empêcher" iko karibu zaidi na "prevent". Ukitaka rafiki ya "hinder" mu Kifaransa, chukua "gêner" ao "entraver". Andika hiyo ku ukurasa wa kwanza wa kaye yako.

Kama hauko na kaye, angalia chukudu, ile chombo ya mbao ya magurudumu mbili yenye inabeba mizigo. Ile kijana anatoka Kibumba na magunia ya viazi, anashuka, mbao inalia, anafika fasi yenye mawe ya volkano imejaa mu njia. Anashuka chini, anashika chukudu kwa kichwa, anaipitisha jiwe kwa jiwe, gurudumu ya mbao inaruka, raba ya pneu ya zamani yenye bapigilia misumari inaanza kutoka, jasho inamutoka, lakini anafika Virunga ku soko, saa mbili nyuma ya wengine. The stones hindered him. Sasa tuseme anafika, anakuta bamefunga kamba ngambo na ngambo na bantu banasema leo hakuna kupita, anarudi na viazi yake. The rope prevented him from passing. Ukishaona hiyo picha, umeshaelewa nusu ya somo.

Na kwetu volkano yenyewe ni mwalimu wa hii neno. Tarehe 17/1/2002 lava ya Nyiragongo ilishuka mu muji, ikafunika sehemu ya kaskazini ya piste ya ndege. Ile piste haikukufa, ilibaki fupi, ndege kubwa njo zilipata shida. Sasa hapo unasema lava "hindered" kazi ya aeroporo kwa miaka. Na tarehe 22/5/2021, lava ikapita juu ya njia ya Rutshuru: siku za kwanza gari haikupita kabisa, hapo ni "prevent", kisha batu bakaanza kuvuka kwa miguu juu ya ile mawe yenye ingali na moto, na mizigo ku kichwa, hapo tukashaingia mu "hinder". Lava ni ile ile, verbe imebadilika juu hali imebadilika.

Kuko test ndogo minawapa banafunzi. Maliza sentensi yako na "lakini tulifika" ao "lakini ilifanyika". Kama inakubali, weka "hinder". Kama sentensi inakuwa bongo, acha, weka "prevent" ao "stop". Mvua ilituzuiya, lakini tulifika: hinder. Mvua ilituzuiya, tukarudi: prevent. Ningejua hii test ile siku ya maharagi...

Kutamka. Wengi banasema "hainda", juu banaona neno "behind". Apana. Sema "hinda", ile "hin" ni kama mu "mahindi", fupi, na sauti ya nguvu iko kwa mbele. Lakini tusibacheke benye banasema "hainda", juu kwa undugu bako na haki: "hinder" na "behind" ni ukoo moja, zote zinaongea juu ya nyuma, hata miguu ya nyuma ya mbuzi Kingereza kinaita "hind legs". Njo maana minapenda kuitafsiri na "kurudisha nyuma". Ukosefu wa feza unaturudisha nyuma: "Lack of money is hindering us." Umeona? Kiswahili kilikuwa nayo deja, hatukuwa tunaangalia fasi yenye iko.

Sasa namna ya kuiweka mu sentensi. Ya rahisi zaidi: kitu yenye inasumbua, kisha "hinder", kisha kazi yenye inasumbuliwa, bila kuweka neno yoyote katikati. "Bad roads hinder trade." "Fighting hindered access to the villages." Usiandike "hinder to the trade", usiandike "hinder for". Mu rapori utaikuta sana kwa passif: "The work was hindered by heavy rain." Na angalia nani anafanya: mara mingi ni kitu, haiko mutu. Mvua, matope, kukosa feza, kukosa netiwaki, sheria, woga. Ukitaka kuonyesha kama shida ilikuwa kubwa, ongeza "seriously" ao "severely" mbele yake, "severely hindered", batu ya humanitere banaipenda sana hiyo, wakati mwengine banaipenda kupita kiasi, rapori muzima kila kitu ni severely hindered, unajiuliza kama kuko kitu yoyote ilienda vizuri.

Kisha iko ya "from": "hinder someone from doing something". Usiseme "hinder him to go", hii ni kosa yenye minaona kila wiki, paske mutu anatafsiri "de" ya "empêcher de" neno kwa neno. Ni "from", kisha verbe na -ing. Lakini hapa njo kuko mutego: ukishaweka "from", maana inasogea karibu na "prevent". "The mud hindered us from reaching the village", musomaji hajue vizuri kama mulifika ao hapana. Shauri yangu: mu rapori usitumie hii, tumia ile ya rahisi, na ukitaka "from" chukua "prevent".

Ku kanisa pia utaikuta, na pale inachanganya batu. Mu barua ya kwanza kwa Wathesalonike 2:18 Paulo anasema alitaka kuja, lakini Shetani akatuzuia. Biblia ya Kingereza ya zamani, ya 1611, inaandika "Satan hindered us", na Paulo hakufika! Muhubiri mumoja aliniambia, mwalimu, sasa test yako imekufa. Haijakufa, yaya. Kingereza cha zamani kilitumia "hinder" hata kwa kufunga kabisa, na tafsiri zingine za sasa zimeandika kama Shetani aliwafungia njia. Rapori yako haisomwe na batu ya 1611.

Jina yake ni "hindrance". Ile "e" ya "hinder" inapotea, usiandike "hinderance", hata Bangereza benyewe banakosea hapo. Paspori ya Uingereza iko na sentensi ya zamani yenye inaomba mwenye paspori apite "without let or hindrance", ni kusema bila kizuizi na bila kusumbuliwa. Ile "let" haiko ile tunajua ya kuruhusu, ni "let" ingine ya zamani yenye maana yake ilikuwa kuzuiya, kinyume kabisa! Benye banaangalia tenisi banaijua bila kujua: mupira ya serve ikigusa kamba na ianguke ndani, banasema "let", banarudilia.

Ndugu zake tupite haraka. "Hamper" iko karibu sawa sawa na "hinder", mutu hatakukamata ukibadilisha, ila ujue kama "hamper" ni pia kitunga kikubwa cha kuwekea chakula ao nguo chafu, ni neno ingine yenye inafanana tu. "Obstruct" ni kuziba njia, gari imesimama ngambo mu barabara. "Thwart" ni kuvunja mupango ya mutu, mwizi alitaka kuingia, imbwa ikalia. Lakini "impede" minaipenda, juu ndani yake kuko muguu: Kilatini "ped", ile yenye iko mu "pédale". Ku-impede mutu ni kama kumufunga kamba ku miguu, anatembea lakini hatua ni ndogo. Ni ya ofisi zaidi kuliko "hinder".

Na "empêcher" yenyewe ilitoka mu hiyo familia ya miguu na kamba, kisha ikazaa mutoto mu Kingereza mwenye anatudanganya: "impeach". Mwanafunzi yangu moja aliandika "the rain impeached us". Mvua ilitupeleka ku tribinali! "Impeach" ni kumushitaki mukubwa wa serikali. Na hata hapo haimaanishe kumutosha ku kiti: Bill Clinton bali-muimpeach 1998 na akaendelea na manda yake paka mwanzo ya 2001. Mwengine mudanganyifu ni "prevent" na "prévenir". Dada moja alitaka kumwambia mukubwa wake Mukenya kama atamujulisha mbele ya kusafiri, akasema "I will prevent you." Mukenya akabaki anamuangalia. Kama ni kujulisha, sema "I will let you know", na hapa "let" ni ile ya kawaida, pole.

Neno la mwisho juu ya fasi ya kuitumia. "Hinder" ni neno ya karatasi, ya intaviu, ya mahubiri. Mu mudomo ya kila siku bantu benye banazaliwa na Kingereza banasema "slow down", "hold back", "get in the way". Ukiambia mutoto mwenye anakuzunguka miguu mu jikoni "you are hindering me", atakuelewa, lakini utakuwa kama pasta. Mwambie "you're in my way."

Jaribuni ine hizi bila kuangalia chini. Moja: kura ilikatika mara tatu nikiandika travo yangu, lakini nilirudisha ku saa. Mbili: 2020 wakati ya Covid mupaka ulifungwa, hatukuvuka kwenda Gisenyi. Tatu: goti linaniuma, mupira minacheza lakini sikimbie kama zamani. Ine: mama alinizuiya kutoka usiku.

Majibu. Ya kwanza, "Power cuts hindered my work", juu travo ilifika. Ya pili, "The closed border prevented us from going to Gisenyi." Ya tatu, "I am hindered by a knee injury", na ukiweka "hampered" minakupa pointi zote. Ya ine ni mutego: haiko "hinder", haiko hata "prevent", mama alikataza, "My mother forbade me to go out." Kama uliandika "hinder", umesema mama alisimama ku mulango na beseni ya nguo mu mikono, ukamupita pembeni, ukaenda.