SOMO: Namna ya kumchagulia mtu riwaya ya Kiswahili mpaka arudi kuomba nyingine

Wakuu salama? Wiki hii tu watu watatu wameniambia "nipe riwaya nzuri", nikiwauliza nzuri kwa nani wanaona nawazungusha. Hapana jamani, riwaya ni kama kiatu, lazima nijue mguu. Miaka mingi naazimisha watu vitabu vyangu kwaiyo nashusha hapa ninavyofanya, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1. Usimuulize anapenda riwaya za aina gani. Wengi mara ya mwisho kushika riwaya ilikuwa shuleni, aina hawazijui, atakujibu "yoyote tu" alafu hasomi. Muulize muvi au tamthilia gani ilimkesha mpaka alfajiri, au stori gani bibi yake akiisimulia alikuwa hataki iishe. Hapo utaona macho yanabadilika.

Hatua ya 2. Muulize KWA NINI ilimkesha. Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye kazi. Chukua Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Mmoja ataipenda kwa ajili ya Yasmin kumkimbia yule mume mzee, Raza, na mapenzi yake na Denge. Mwingine hana habari na mapenzi, yeye kashikwa na Denge na wenzake wanavyopambana na Mwingereza. Wa tatu anataka Mwajuma, rafiki yake Yasmin, na maisha ya mitaa ya Ng'ambo kule Unguja basi, taarabu, umbea, watu wanavyoishi. Kitabu kimoja, wasomaji watatu, na kitabu kinachofuata si kimoja! Wa siasa mpe Kuli ya Adam Shafi huyohuyo, makuli wa bandarini Unguja na mgomo wa 1948, akimaliza mpe Haini yake pia, ila mwambie mapema ile ni ya jela na mateso, sio ya kusoma usiku ukiwa na mawazo yako. Wa mapenzi mpe Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, mapenzi na tamaa ya pesa vimesukwa pamoja, inauma. Wa tatu mpe Nyota ya Rehema ya mwandishi huyohuyo.

Hatua ya 3. Wapenda upelelezi usiwachanganye. Kuna anayetaka kufumbua fumbo taratibu, huyo ni wa Bwana Msa, yule mzee wa kiko na rafiki yake Najum, anzia Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, Muhammed Said Abdulla alikuwa fundi jamani. Alafu kuna anayetaka bunduki, ndege na kuvuka mipaka, huyo ni wa mpelelezi Willy Gamba, mpe Kufa na Kupona ya Elvis Musiba. Ukimpa wa Willy Gamba kitabu cha Bwana Msa atasinzia ukurasa wa kumi na atasema Kiswahili hakina riwaya, kumbe kosa ni la aliyempa. Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa, namuweka akiba kwa wale waliomaliza Musiba.

Anayependa mambo ya ajabu na dunia nyingine, Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), nchi iko angani kabisa na kitabu chenyewe chembamba. Akitaka ya karibu zaidi na wakati wetu, Walenisi ya Katama Mkangi.

Hatua ya 4. Pima pumzi yake. Hapa nina kidonda. Kuna shemeji yangu alikuja mwenyewe kuniomba kitabu, mtu hajasoma riwaya tangu amalize shule, na mi kwa mapenzi yangu kwa mwandishi Euphrase Kezilahabi nikampa Nagona yake. Nagona ni kitabu kikubwa sana kwangu lakini ni cha mafumbo na falsafa, hakikushiki mkono kukuonyesha njia. Alikirudisha baada ya siku nne, akasema asante, na hajaniomba tena mpaka leo. Ningempa Rosa Mistika ya Kezilahabi huyohuyo! Inaanza na binti anapigwa na baba yake kisa barua ya mvulana, nani ataacha hapo? Kwaiyo mgeni mpe kifupi chenye stori inayokimbia, vizito vinasubiri.

Hatua ya 5. Mpe KIMOJA. Orodha ya vitabu kumi haisomwi. Msomee ukurasa wa kwanza kwa sauti, nyamaza, mkabidhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mi niko Kenya, riwaya zilinichosha shuleni, Utengano tuliichambua mpaka nikaichukia. Nianzie wapi?
Jibu: Pole ndugu yangu, mtihani unaua utamu. Said Ahmed Mohamed aliyeiandika usimwache kwa sababu hiyo, jaribu Babu Alipofufuka, marehemu anamrudia mjukuu wake mwenye cheo na kumuonyesha uozo. Hakuna wa kukuuliza maudhui.

Swali: Dada, binti yangu ana miaka 14, Rosa Mistika inamfaa?
Jibu: Iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, ina mambo mazito mama yangu. Mi ningeanza na Siku Njema ya Ken Walibora, kijana anatoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya. Rosa msome pamoja baadae, mkiongea.

Swali: Nataka kitabu kinene, nina likizo ndefu, napenda mila za zamani.
Jibu: Wewe ndo nilikuwa nakusubiri! Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Mzee wa Ukerewe, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Mume na mke wanatafuta mtoto, na ndani yake kuna kilimo, uvuvi, dawa, ugomvi wa wakwe, kila kitu. Usikimbie, soma kama unavyokunywa uji wa moto.

Swali: Nitumie PDF basi.
Jibu: Hapana, samahani. Vya kuskani kinyemela situmi, waandishi na familia zao wanakula wapi? Ulizia maktaba ya mkoa au wauza vitabu vya mitumba, na kama uko Dar njoo inbox uazime, nakala yangu ya Kuli imerudi jana.