Kuandika maelezo ya chipu ya Wi-Fi kwenye kerneli ya Linux

Mimi huanza na waraka wa kiufundi wa chipu, si msimbo wa draiva (programu inayoendesha chipu). Faili la maelezo, liitwalo devicetree binding, linaeleza maunzi: pini ya kukatiza (interrupt), njia za umeme, saa (clock). Mapendeleo ya draiva hayana nafasi humu.

Faili huandikwa kwa YAML (mtindo wa kuandika data kwa maandishi), hukaa Documentation/devicetree/bindings/net/wireless, na jina lake hufuata thamani ya compatible, yaani sehemu inayotaja chipu, kama brcm,bcm4329-fmac.yaml. Kwenye compatible taja kila modeli. Usiweke alama ya nyota kubeba familia nzima. Nakusihi sana, maana tofauti zikijitokeza baadaye hutaweza kuzitenganisha.

Ongeza mfano kamili, kisha endesha amri ya make dt_binding_check, inayokagua faili. Onyo likitokea, lirekebishe kabla ya kutuma. Kiraka hiki (badiliko unalotuma) kitangulie kiraka cha draiva.