Maji ya matunda kwa watoto: anza na mtungi, tunda baadae

Mwangaluka wazazi wenzangu. Mimi nakaa Tabora mjini, nalea watoto nyumbani, wawili wa kwangu na wengine wa majirani wanaoletwa asubuhi mama zao wakienda sokoni, kuna siku wanafika kumi na moja. Sasa mwezi wa tisa na wa kumi huku kwetu mnaujua wenyewe, jua la kupasua kichwa, vumbi, mvua mpaka mwezi wa 11 huko, na watoto wako kwenye mchanga tangu saa tatu wanakimbizana, ukimwita mtu aje anywe maji anapiga funda moja kashaondoka. Juisi nilijaribu, sukari ikawa inaisha kama naimwaga na mchana chakula hawali. Ndo nikahamia kwenye maji ya matunda, yani maji yaleyale yenye harufu na ladha kidogo ya tunda. Sio juisi, hapo tuelewane mapema, maana kuna watu wanasaga nanasi zima alafu wanaita maji ya matunda.

Ila nilichokuja kugundua, watoto wangu walikuwa wanayakimbia maji yenyewe. Ya vuguvugu, yananuka moshi, yananuka dumu. Ukikatia ndimu kwenye maji yanayonuka dumu unapata ndimu inayonuka dumu. Kwahiyo tunaanzia huko.

HATUA YA 1: maji. Chemsha sufuria ikiwa imefunikwa, hasa kama unatumia kuni, moshi unaingia kwenye maji kuliko unavyodhani. Yakitokota yale mapovu makubwa yaache dakika moja nzima ndo uipue, alafu yapoe humohumo na mfuniko wake, asije mtu akachovya kikombe. Maji yaliyochemshwa yanakuwa yamelala mdomoni kwa sababu hewa imetoka, dawa yake ni kuyamimina toka jagi moja kwenda lingine mara tano sita kwa kuinua juu, kama unavyopoza chai ya mtoto. Utashangaa yanavyobadilika.

HATUA YA 2: mtungi. Friji ninalo lakini umeme ukikatika friji ni kabati tu. Mtungi wa udongo unapoza kwa sababu maji yanapenya kidogokidogo kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na yanapokauka yanaondoka na joto. Ndo maana uweke kivulini lakini sehemu inayopita upepo, sio umeubana kwenye kona ya stoo, na chini weka mchanga unaoumwagia maji asubuhi. Usinunue uliopakwa rangi ya mafuta hata kama una maua mazuri, vile vitundu vinakuwa vimezibwa, haupozi kitu. Mpya uloweke siku nzima umwage, urudie mpaka ile harufu kali ya udongo ipungue. Na uwe na kata yake yenye mpini mrefu, mikono ya watoto ikae mbali.

Tunda USIWEKE ndani ya mtungi. Mimi niliweka ndimu na vipande vya nanasi nikajiona mjanja, udongo ukanywa ile ladha, siku ya tatu ukaanza kunuka kama togwa iliyochacha, nikausugua nikauanika juani, wiki mbili bado unanikumbusha. Tunda linakaa kwenye jagi.

HATUA YA 3: tunda lenyewe. Osha kwanza na maji safi, hata lile utakalomenya, maana kisu kinabeba uchafu wa ganda kinauingiza ndani. Kwa lita moja ya maji ya mtungini mimi naweka:

- ndimu nusu, imemenywa, mbegu zimetolewa, na tango vipande kama kumi vyembamba
- au nanasi vipande viwili na majani matano ya mnanaa uliyoyaponda kwa vidole
- au tikiti kikombe kimoja, limekatwa dogodogo. Hili ndo wanalipenda kuliko yote na ndo linaloharibika haraka kuliko yote

Ganda la ndimu ukiliacha masaa mengi linatoa uchungu, mtoto akionja mara moja umempoteza wiki nzima. Embe msiniulize, embe zetu bado mbichi kipindi hiki, zikiiva na joto nalo limeshapungua.

Ukwaju nao upo mwingi. Loweka punje chache kwenye maji ya moto, zikande, chuja, ile rojo weka vijiko viwili kwa lita. Usizidishe maana ukwaju unalainisha tumbo, na watoto kumi na moja na choo kimoja sikuombei. Ukwaju na ndimu visilale kwenye sufuria ya alumini, ile chachu inaila sufuria, tumia kioo au plastiki.

Asali ya kwetu nzuri mno najua, lakini kwenye maji haya siweki, na mtoto ambaye hajafikisha mwaka asiguswe na asali kabisa hata ya kulamba.

HATUA YA 4: funika, subiri nusu saa mpaka saa moja, chuja. Kuchuja ni lazima kwa wadogo, mbegu na vipande vinapalia. Jagi likikaa nje kwenye joto lisizidi masaa mawili, ndo maana natengeneza dogo mara tatu kuliko ndoo moja ya kutwa. Tikiti langu moja lilianza kutoa povu saa nane mchana, na nilitengeneza saa nne!

HATUA YA 5: kugawa. Usisubiri waseme wana kiu, mtoto akiwa kwenye mchezo hasikii kiu. Mimi kila baada ya nusu saa hivi napiga sufuria na mwiko, wanakuja kivulini, kila mtu na kikombe chake cha rangi yake. Wa miaka minne mpaka nane wanahitaji kama lita moja na kidogo kwa siku, siku za jua kali zaidi ya hapo. Angalia mkojo, ukiwa wa njano iliyokolea ongeza. Akinywa kikombe kimoja cha ndimu, kinachofuata kiwe maji matupu, chachu ya kutwa nzima inakula meno.

Kachanga chini ya miezi sita hakahusiki na haya, hata jua liweje ni kunyonya tu, nyonyesha mara nyingi zaidi. Na mtoto anayeharisha au kutapika asipewe maji ya matunda kama dawa, huyo ni ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji) na kituo cha afya, na ukimuona macho yameingia ndani, analia bila machozi, kalegea, usiache mpaka kesho.

Jioni jagi lioshwe na sabuni lianikwe limepinduliwa. Vile vipande vilivyobaki vimeshatoa utamu wote, vya kwangu wanakula kuku.