Somo: Kupima mabaki ya viumbe kwenye maji kwa pamanganeti

Mvua zikishika, maji ya malambo ya huku Newala na Tandahimba hugeuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Ni majani yaliyooza. Wengi hukimbilia kuongeza klorini, lakini uozo ule huimaliza kabla haijawafikia vijidudu, na ikiungana na uozo hutengeneza kemikali ziitwazo trihalomethani, ambazo si salama kunywa miaka nenda rudi. Tupime kwanza, kwa pamanganeti, kemikali ya zambarau inayoliwa na uozo: ikiliwa nyingi, uozo ni mwingi.

1. Chupa iwe ya kioo, na sabuni isuuzwe mpaka iishe. Utando wa sabuni hauonekani, lakini hula pamanganeti kama uozo. Niliwahi kupoteza siku nzima: maji ya bomba yalitoka machafu kuliko ya lambo, kumbe ni chupa. Sampuli ikae kwenye barafu, ipimwe siku hiyohiyo.

2. Mililita 100 za sampuli kwenye flaski, mililita 5 za asidi ya salfa iliyozimuliwa (moja kwa tatu, asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume), kisha mililita 10 za pamanganeti ya 0.002 M (M ni moli kwa lita). Weka kwenye hita; yakianza kuchemka, hesabu dakika 10.

3. Hapa usibanduke. Zambarau itafifia taratibu. Ikipotea kabisa au ikawa kahawia, mwaga, zimua sampuli, anza upya. Ikibaki, tia mililita 10 za oksaleti ya sodiamu ya 0.005 M, maji yatakuwa meupe pe. Yakiwa bado ya moto, dondosha pamanganeti ileile kwa bureti (mrija wenye vipimo na koki) mpaka waridi hafifu idumu nusu dakika.

4. Rudia yote kwa maji yaliyokenekwa. Mililita ulizodondosha kwa bureti kwenye sampuli, toa za maji yaliyokenekwa, kisha tofauti zidisha kwa 0.8. Mfano: 3.9 toa 0.4 ni 3.5, mara 0.8 ni miligramu 2.8 za oksijeni kwa lita. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha 5 kwa maji ya kunywa.

Maswali ya wanachama

– Shikamoo mwalimu. Kisima chetu Mikindani kina chumvi, namba imeruka. Kimeoza?

Marahaba. Si lazima. Kloridi nayo hula pamanganeti kwenye asidi ya moto. Ikizidi miligramu 300 kwa lita, zimua sampuli kwanza, kisha zidisha jibu kwa kiasi ulichozimua.

– Kaka, sisi maji ni meupe, ila yakikaa huacha kutu kwenye ndoo. Namba iko juu.

Hiyo ni chuma iliyoyeyuka. Ipime peke yake. Kila miligramu 1 ya chuma kwa lita, toa 0.14 kwenye jibu lako.

– Sina hita, nina jiko la mkaa. Itafaa?

Usiweke flaski juu ya mkaa, moto wake haushikiki. Izamishe kwenye sufuria ya maji yanayotokota kwa dakika 30, na flaski ya maji yaliyokenekwa ikae humo humo. Andika daftarini kwamba ulitumia sufuria, usije ukalinganisha namba hizo na za dakika 10.