Mshauri nasaha wa shule: kinga ya uchovu huanzia kwenye ratiba

Washauri nasaha wengi shuleni hungoja likizo ndipo wapumzike. Likizo inasaidia, lakini kinachomchosha mshauri ni mwanafunzi wa tatu kuingia ofisini wakati yale ya wa pili bado yanamzunguka kichwani.

Acha dakika 10 hadi 15 kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine. Tumia 5 za kwanza kuandika kumbukumbu: alichosema, mlichokubaliana, hatua inayofuata. Ukiahirisha hadi jioni, utavisikia upya visa vyote kwa mkupuo, tena ukiwa umechoka. Dakika zilizobaki toka chumbani, unywe maji, utembee kidogo. Simu iache mezani. Mazungumzo mazito, kama ya ukatili au kujidhuru, pale unapoweza kuyapanga yasizidi mawili kwa siku, wala yasiwe ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani. Dharura haiulizi ratiba, kwa hiyo bakiza kipindi kimoja kitupu kila siku. Kisipotumika, maliza makaratasi.

Halafu pima muda wako. Kwa wiki 2, kila nusu saa andika ulichokuwa ukifanya, kisha jumlisha. Chama cha washauri wa shule cha Marekani, ASCA, kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na walau asilimia 80 ya muda wake iende kwenye huduma kwa wanafunzi. Shule nyingi ziko mbali na hapo. Hata hivyo mkuu wa shule akiambiwa tu "nimeelemewa" atakupa pole. Akioneshwa kwamba kusimamia mitihani na kushika vipindi vya walimu wasiokuwepo kumekula saa 9 kwa wiki, ana kitu cha kuamua. Mwombe jambo moja. Ukimpelekea saba, atachagua lililo jepesi kwake.

Jua pia unaumwa nini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuibeza, na kuona huna unachofanikisha. Huo hujengeka polepole, na bila kupunguza mzigo hauondoki. Kubeba kiwewe cha mwanafunzi ni kitu kingine: huweza kuja ghafla, hata baada ya kisa kimoja, ukaota alichokusimulia au ukaanza kumkwepa. Hapo likizo pekee haitoshi. Zungumza na msimamizi wako wa kitaaluma, yaani mshauri mzoefu unayepitia naye visa vyako, na dalili zisipopungua, muone mtaalamu wa afya ya akili.

Msimamizi huyo asiwe bosi anayekupima utendaji, maana mbele yake utaficha pale ulipokwama. Kama hayupo, washauri watatu wa shule tofauti wakutane kwa muda wa saa 1 kila wiki 2, bila kutaja majina wala alama yoyote ya kumtambulisha mtoto. Vikundi hivi huharibika vikigeuka baraza la kuwasema wakuu. Kila mmoja alete kisa kimoja, dakika 20: kilimgusa wapi, atafanya nini.

Mwisho, simu za usiku. Tangaza saa zako kwa wazazi na wanafunzi, na papo hapo uwape namba ya kupiga maisha yakiwa hatarini nje ya saa hizo. Bila namba hiyo utapokea kila simu kwa hofu ya kitakachotokea usipopokea, na ndani ya mwezi hakuna atakayekumbuka saa ulizotangaza.