Kuipakata besi bila kuumia: mwongozo kwa wapiga matarumbeta mazito

Bendi ya matarumbeta inapotoka kanisani na maharusi hapa Dodoma, mtazame mpiga besi. Ukiona shingo imepinda, bega la kushoto limepanda karibu na sikio na kidevu kimetangulia mbele, ujue huyo hapigi, anabeba. Mimi nilipiga hivyo miaka mingi nikidhani nina pumzi fupi. Kumbe pumzi ilikuwepo. Mbavu ndizo zilikuwa zimebanwa na mkono uliokumbatia mzigo.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Besi ya B-flati, ambayo vitabuni huitwa tuba, ina bomba la karibu mita 5.5 ukilinyoosha, na kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 7 hadi 12. Susafoni ya shaba, ile besi inayovaliwa kuzunguka mwili, inaweza kupita hapo. Ninachokuelekeza hapa ni kumtafutia huyu mnyama mahali pa kulala, ili mkono wa kushoto uwe wa kumwelekeza tu.

Hatua ya 1: Anza bila chombo

Kaa mbele kidogo ya kiti, nyayo zote chini, usiegemee. Vuta pumzi mara tatu, ukitazama mbele kana kwamba unasoma noti. Hapo mdomo wako ulipo ndipo kipulizio kinapotakiwa kufika. Mwambie mwenzako akuletee besi taratibu mpaka kipulizio kiguse midomo, na wewe usisogee hata kidogo. Halafu atazame chini: sehemu ya chini ya besi imeangukia wapi? Inaelea juu ya mapaja? Imezama katikati ya miguu? Nafasi hiyo ipimeni kwa vidole au rula, maana kazi yote inayofuata ni kuijaza.

Wengi huiruka hatua hii. Wanaweka besi mapajani kwanza, kisha wanakifuata kipulizio kwa shingo.

Hatua ya 2: Jaza nafasi

Kama besi inaelea juu ya mapaja, kunja kitenge mara kadhaa ukiweke chini yake. Kitenge kinateleza, kwa hiyo kipimo kikishapatikana nenda kwa fundi wa makochi akukatie sponji ngumu ya unene huohuo. Sponji laini haifai, maana baada ya nyimbo mbili imelala kama chapati na wewe umeinama tena.

Kama kipulizio kinakupita juu, hali inayowapata sana vijana wadogo, usimnyooshe mtoto shingo. Iache besi ikae juu ya kiti chenyewe, katikati ya mapaja yake, au umwinue yeye kwa mto. Ogopa viti vya plastiki vya kukodi. Vimelala kwa nyuma, na ukikaa mgongo unafuata. Weka kipande cha ubao chini ya miguu ya nyuma ya kiti, ukihakikisha hakiyumbi.

Mama zetu wa Kigogo wanapopiga muheme, ngoma hubanwa katikati ya mapaja na mikono yote miwili hubaki huru. Nimeziona ngoma hizo tangu utotoni, na bado nilihitaji maumivu ya bega kunifundisha jambo hilohilo.

Jaribio ni hili: shika sauti ndefu, kisha ondoa mkono wa kushoto polepole, mwenzako akiwa tayari kudaka. Besi ikibaki ilipo, umefaulu. Ikianza kuinama, rudi kwenye vipimo.

Hatua ya 3: Kusimama

Mkanda mmoja shingoni ni adui, hata ukiwa mnene. Unataka mikanda miwili inayopita mabega yote na kukutana mgongoni, kama begi la shule, ili uzito ugawanyike. Fundi viatu yeyote mzuri pale Majengo anaweza kuishona kwa mkanda mpana wa begi la safari. Urefu wake rekebisha kwa kurudia hatua ya kwanza ukiwa wima.

Besi nyingi zina pete za kufungia mkanda. Kama yako haina, tafadhali usiipeleke kwa fundi wa mageti akuchomelee. Shaba ya tarumbeta ni nyembamba, haifiki hata milimita moja, na viungo vyake vimeshikwa kwa lehemu inayoyeyuka kwa joto dogo tu. Moto wa kuchomelea chuma utatoboa bomba kabla pete haijashika. Badala yake shona kombeo la turubai linalopita chini ya besi na kuipakata kama mtoto, kisha funga mikanda kwenye kombeo hilo.

Hatua ya 4: Susafoni, jua na upepo

Susafoni inalala bega la kushoto na kukuzunguka mwili. Vile vipande vidogo vya kona karibu na kipulizio vipo ili uvizungushe mpaka kipulizio kikufuate wewe, lakini watu huviacha vilivyokuja. Begani weka sponji iliyofunikwa kitambaa. Kwa jua letu la saa saba shaba iliyosimama nje inaunguza, na shati jembamba halikusaidii.

Upepo wa Dodoma unastahili onyo lake. Ule mdomo mpana juu ya kichwa ni tanga la jahazi: ukipigwa na upepo wa ubavuni unakuzungusha kiuno. Kiongozi wa bendi akipanga mstari, omba kusimama ukiupa upepo mgongo. Na juu ya pikapu, piga ukiwa umekaa. Tuta moja linatosha kukupasua mdomo.

Yufoniamu, ndugu mdogo wa besi, ni nyepesi zaidi, inatosha mto mdogo pajani. Kwa tromboni, tarumbeta lile la bomba la kusukuma na kuvuta, kamba fupi ya ngozi inayopita nyuma ya kiganja cha kushoto huupumzisha mkono.

Hatua ya 5: Kagua kila mara

Ganzi kwenye kidole gumba au maumivu yanayobaki mpaka kesho yake ni ishara ya kusimama. Yakiendelea, muone daktari.

Mikanda nayo ikague kabla ya kila shughuli, hasa vifungo. Mimi nilitumia kifungo cha plastiki, kikakatika katikati ya maandamano ya harusi, besi ikatua kwenye lami na kubonyea chini. Bibi harusi alidhani ni sehemu ya wimbo. Siku hizi natumia vifungo vya chuma, na kamba ya pili ya katani iliyolegea kidogo, inayobeba tu pale mkanda wenyewe unapokatika.