Somo: Kakukashifu akiwa nje ya nchi? Pima urefu wa mkono wa mahakama kwanza

Mbukwenyi wakuu. Mimi si wakili. Ni karani wa ofisi ya mawakili hapa Dodoma mjini, mwaka wa kumi na moja huu wa kupanga mafaili na kupanga foleni masjala. Somo hili limetokana na bahasha moja ya kaki.

Bahasha aliileta mzee mmoja, mfanyabiashara wa mahindi soko la Kibaigwa. Ndani yake mlikuwa na hukumu, muhuri safi, ameshinda. Mnunuzi kutoka nchi jirani alimwandika kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara kwamba anachezea mizani. Mzee akafungua kesi, mwenzake hakutokea, shauri likasikilizwa upande mmoja, akapewa fidia. Alikuja kwetu kuuliza swali moja: "Mwanangu, hela naichukulia dirisha gani?" Hakuna dirisha. Mdaiwa hana gunia, hana gari, hana akaunti upande huu wa mpaka. Mzee alikuwa amelipa ada, nauli na wakili, kisha akapata karatasi.

Kwa hiyo tunaanzia mwisho.

Hatua ya 1: Tafuta mali kabla ya kutafuta wakili

Jiulize mdaiwa ana nini na kiko wapi. Ana stoo Kibaigwa? Amekodi kiwanja Nala? Kuna mtu hapa anayedaiwa na yeye? Kama mali ipo Tanzania, nusu ya somo hili hulihitaji: ukishinda, unakaza hukumu (yaani unailazimisha ilipwe) hapa hapa kwa dalali wa mahakama. Na ukiona dalili kwamba anataka kuiondoa mali hiyo ili hukumu ikija isikute kitu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya XXXVI, inaruhusu kuomba mali ikamatwe kabla ya hukumu. Ombi hilo linataka kiapo chenye ukweli wa kushikika: lori limepakia lini, linaelekea wapi. Kusema tu "nina wasiwasi" hakukufikishi popote.

Yule mzee, wakati anafungua kesi, mwenzake alikuwa na magunia stoo. Hakuna aliyemuuliza.

Hatua ya 2: Je, mahakama ya hapa ina mamlaka juu yake?

Sheria yetu inamruhusu mdai wa fidia ya madhara kama haya kufungua kesi pale kosa lilipotendeka, au pale mdaiwa anapoishi au kufanyia shughuli zake. Mdaiwa akiwa Nairobi, unabaki na mlango wa kwanza: kosa lilitendeka wapi?

Kashfa haitendeki pale mtu anapobonyeza simu. Inatendeka pale maneno yanapofika kwa mtu wa tatu akayasoma na kuyaelewa. Kesi inayotajwa sana duniani ni ya Australia, mwaka 2002. Mfanyabiashara Joseph Gutnick wa jimbo la Victoria aliishtaki kampuni ya Dow Jones kwa makala iliyowekwa kwenye intaneti, kompyuta yenye makala ikiwa New Jersey, Marekani. Kampuni ikasema twende Marekani. Mahakama ya juu ya Australia ikakataa: makala imesomwa Victoria, jina lililochafuka ni la huko, kesi itasikilizwa huko. Uamuzi huo haututawali sisi, lakini mizizi ya sheria yetu ya kashfa na yao ni ile ile ya Kiingereza, hivyo mawakili huutumia kushawishi.

Maana yake kwako ni hii: andika majina ya watu walioisoma ile meseji wakiwa Kibaigwa, Kongwa au Dodoma. Wawili watatu walio tayari kusimama kizimbani wanatosha kuliko kusema "watu wote waliona". Meseji aliyokutumia wewe peke yako, hata iwe chafu namna gani, si kashfa, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeisoma.

Na kama mizani yako kweli ina mchezo, ishia hapa hapa. Ukweli ni utetezi.

Hatua ya 3: Mahakama ipi

Wengi wanaandika "nadai fidia milioni mia tano" wakidhani hapo wameshapanda Mahakama Kuu. Fidia ya jumla hupangwa na hakimu mwenyewe, kwa hiyo haihesabiki katika kupima ngazi ya mahakama. Kinachohesabika ni hasara mahsusi unayoitaja na kuithibitisha: oda iliyofutwa, mkataba uliovunjika. Kwa madai yasiyo ya ardhi, mahakama za wilaya na za hakimu mkazi zinafika hadi shilingi milioni 200. Ukikosea ngazi, pingamizi la awali linakurudisha mwanzo, na muda wa miaka 3 wa kufungua madai ya namna hii unaendelea kwenda.

Hatua ya 4: Ushahidi na wito

Picha ya skrini peke yake ni dhaifu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki, ila mahakama itauliza zimetunzwaje na kama zimechezewa. Usiifute simu, usibadilishe simu, na aliyepiga picha ya skrini awe tayari kuapa.

Wito kwa aliye nje hauachwi mlangoni kama wa jirani wa Area C. Unaomba mahakama, nayo inaelekeza upelekwe kwa posta au kupitia mahakama ya huko. Tunza kila risiti na kila stakabadhi. Utajua umuhimu wake hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Mizani ya pili

Hapa ndipo watu wengi huangukia, hata wenye mawakili, kwa hiyo someni polepole.

Mahakama ya Dodoma ikisema "nina mamlaka juu ya huyu", imepima kwa mizani yake. Ukiipeleka hukumu hiyo nchi nyingine ikakazwe, mahakama ya kule haichukui kipimo chako. Inapima upya kwa mizani yake: huyu mdaiwa alikuwa anaishi Tanzania? Alikuwa na ofisi huko? Alikubali mwenyewe kuhukumiwa huko, kwa mkataba au kwa kufika na kujitetea? Kwamba meseji ilisomwa Kibaigwa kunaweza kutosha kwa mahakama yetu na kusitoshe kabisa kwa yao. Mtu anashinda kesi halali, katika mahakama halali, na bado hukumu haivuki.

Kenya imeiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo hukumu zake zinaweza kusajiliwa Mahakama Kuu ya kule. Watu husikia hivyo wakashangilia. Orodha inakufungulia geti tu, mlangoni bado utaulizwa yale maswali ya mamlaka, na kama mdaiwa alipata wito kwa wakati (zile risiti!), na kama hukumu haikupatikana kwa udanganyifu. Sheria za kusajiliana hukumu zimejengwa hasa juu ya mahakama za juu, kwa hiyo ngazi uliyoichagua hatua ya 3 nayo inarudi kukuuliza.

Kesi inayofundisha zaidi ni ya London na New York. Mwandishi wa Marekani, Rachel Ehrenfeld, aliandika kitabu kumhusu, pamoja na wengine, tajiri wa Saudia Khalid bin Mahfouz. Kitabu hakikuchapishwa Uingereza; nakala 23 tu ziliingia huko kwa kununuliwa kupitia intaneti. Tajiri na wanawe wawili wakafungua kesi London. Mwandishi hakwenda. Mwaka 2005 mahakama ikaamua upande mmoja: pauni 10,000 kwa kila mdai, nao walikuwa watatu, pamoja na gharama.

Mwandishi naye akaenda mahakamani kwao, akaomba tamko kwamba hukumu ile haiwezi kukazwa Marekani. Desemba 2007 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ikajibu: hatuna mamlaka juu ya huyu bwana. Barua na meseji alizotuma New York zilikuwa za kuendesha kesi yake ya London, si za kufanya biashara hapa. Yaani London ilimfikia mwandishi kwa nakala 23, New York ikashindwa kumfikia tajiri aliyemletea makaratasi mpaka nyumbani.

Wabunge wa New York hawakulala. Mwaka 2008 wakabadili sheria ya jimbo, na Agosti 2010 Marekani nzima ikapata sheria ijulikanayo kama SPEECH Act. Inasema hukumu ya kashfa kutoka nje haitambuliwi na mahakama za Marekani isipokuwa sheria ya huko ilikotoka inalinda uhuru wa kusema kama yao, au mdaiwa angeshindwa hata kama kesi ingesikilizwa Marekani. Waingereza nao wakaona aibu ya kuitwa soko la kesi za kashfa. Sheria yao ya 2013, iliyoanza kutumika 1 Januari 2014, inaikataza mahakama kusikiliza kesi dhidi ya mtu asiye mkazi mpaka iridhike kwamba Uingereza ndiyo mahali panapofaa zaidi, waziwazi, kuliko kwingine kote.

Hatua ya 6: Ikija kinyume, wewe ndiye unayeshtakiwa nje

Usijibu kwa hasira. Nasema tena, usijibu kwa hasira. Ukifika kwenye mahakama ya nje na kujitetea juu ya kiini cha madai, umeipa mamlaka ambayo pengine haikuwa nayo. Kufika kwa ajili ya kupinga mamlaka tu ni jambo jingine, na ni kazi ya wakili wa huko.

Hukumu ikitoka na wakaileta hapa, njia inategemea nchi. Kwa nchi zilizoorodheshwa chini ya Sura ya 8 (sheria yetu ya kusajili hukumu za nje), zikiwemo Uingereza, Zambia, Botswana na Mauritius, mwenye hukumu anaomba usajili Mahakama Kuu ndani ya miaka 6. Wewe unaruhusiwa kuomba usajili utenguliwe: mahakama haikuwa na mamlaka, hukupata wito kwa wakati wa kujitetea, kulikuwa na udanganyifu, au hukumu inagongana na maslahi ya umma hapa kwetu. Kwa nchi nyingine, Sura ya 33, kifungu cha 11 katika toleo la 2019, inataja sababu zinazoifanya hukumu ya kigeni isiwe ya mwisho, ikiwemo kutoamuliwa kwa kiini cha shauri na kukiuka haki ya asili ya kusikilizwa.

Haya, maswali.

Mkulima wa Hombolo: Shikamoo mwalimu. Binamu yangu yuko Houston, amenitangaza kwenye grupu la ukoo kwamba nimekula michango ya harusi. Nimshtaki huku?

Marahaba. Kufungua unaweza, kwa sababu ndugu waliosoma wako huku. Kukaza Houston ndiyo shughuli, soma tena SPEECH Act hapo juu. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa kuitambua hukumu ya kashfa iliyotoka Canada dhidi ya mwanablogu wa Mississippi. Sasa kama Canada imerudishwa mlangoni, sisi je? Swali langu: binamu ana kiwanja hapa? Kama anacho, turudi hatua ya 1. Kama hana, waite wazee, uwawekee daftari la michango mezani.

Dada wa Makole: Kaka, nimepata barua pepe ya mawakili wa London, wanasema nifute nilichoandika kuhusu kampuni ya mteja wao ndani ya siku 7, la sivyo mahakamani. Nimeshaanza kuwajibu kurasa tatu.

Dada, simamisha hizo kurasa. Barua ya wakili si wito wa mahakama, na siku 7 ni zao, si za hakimu. Usifute ushahidi wako. Pitia ulichoandika kwa jicho la adui: kipi unaweza kuthibitisha, kipi ulisikia saluni? Kile cha saluni kirekebishe mapema, kwa heshima yako mwenyewe. Halafu mpelekee wakili barua na chapisho lenyewe. Wewe huishi Uingereza, kwa hiyo ile sheria yao ya 2013 ni ngao nzuri, ila ngao huinuliwa na mtu anayejua kuishika.

Boda wa Chang'ombe: Mkuu, aliyenikashifu ni mgeni, anakuja Dodoma wiki ijayo kwenye mkutano. Nikimkabidhi samansi hotelini inahesabika?

Usimkabidhi wewe mwenyewe, amkabidhi mpeleka wito wa mahakama, na aandike saa na mahali. Ukifanikiwa umeokoa miezi ya posta. Ila kumkuta hotelini siku mbili hakumfanyi mkazi wa Tanzania, kwa hiyo mizani ya pili kule kwao iko pale pale. Na kesi lazima iwe imeshafunguliwa, wiki ijayo si mbali.

Mama Zabibu: Je, mgeni akinishtaki mimi hapa hapa Dodoma, akashindwa, gharama zangu nitamdai wapi?

Mama, hili zuri na watu hulisahau. Mdai anayeishi nje na asiye na mali isiyohamishika Tanzania unaweza kuiomba mahakama imwamuru aweke dhamana ya gharama zako, Amri ya XXV ya Sura ya 33. Asipoweka ndani ya muda aliopewa, shauri lake linaweza kufutwa. Omba mapema.

Mkulima wa Hombolo: Binamu ana kiwanja Kikuyu, hapa hapa Dodoma.

Basi njoo ofisini Jumatatu, na hiyo simu usiifute.